Pole ya Mzee Ambokile, Zizini Mobeni

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998, Mzee Ambokile Mwakibete anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika zizi letu la kupokelea ng'ombe hapa Mobeni, Durban. Alianza kazi tarehe 1 Agosti 1966. Tangu siku hiyo amechelewa mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa mafuriko ya mwaka 1987. Mara ya pili alikuwa anamzalisha ng'ombe ndani ya behewa la treni, na hiyo mimi siihesabu.

Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba niandike kwa Kiingereza, nusu ukurasa, na nisitie mambo ya mgogoro. Nusu ukurasa hautoshi hata kwa mkia wa ng'ombe mmoja, Kiingereza kina wenyewe, na mgogoro sikuuleta mimi. Zizini tuko watu kumi na mmoja tunaosema Kiswahili, kutoka Burundi, Kongo na Tanzania, na ng'ombe wa hapa wamesemeshwa Kiswahili kwa miaka thelathini na miwili. Kama wao walikielewa, ofisi nayo itafute wa kuisomea.

Mgogoro wenyewe nitausema mapema ili asiyeujua asipotee. Kati ya jukwaa la kushushia ng'ombe na banda la daktari wa mifugo kuna njia iliyozungushiwa miti, iliyopinda kama kiwiko. Tunaiita Kona. Mzee Ambokile aliijenga kwa mikono yake mwaka 1969. Meneja wetu mpya ameandika barua kwamba Kona itabomolewa Jumatatu tarehe 3 Agosti, yaani siku ya kwanza ya kazi ambayo Mzee hatakuwepo. Mahali pake itamwagwa zege, njia iliyonyooka, na sisi wachunga tutapewa fimbo za umeme. Hawakungoja hata kiti chake kipoe. Kwa hiyo wasifu huu una hasira kidogo, na anayetaka kitamu asubiri keki saa saba mchana.

Mzee Ambokile alizaliwa mwaka 1933 huko Rungwe, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, nchi ya migomba, mvua na baridi, ambako ng'ombe walilala nyumba moja na watu. Anasema alijifunza pumzi ya ng'ombe kabla ya kujifunza kusoma, kwa sababu usiku ndiyo iliyokuwa ikimpa joto. Mwaka 1957 aliandikishwa na Wenela, wale mawakala wa kazi za migodini, akaja kuchimba dhahabu Johannesburg pamoja na vijana wengi wa kwao. Tanganyika ilipopata Uhuru na wenzake wakaanza kurudi nyumbani, yeye alikuwa ameshateremka Durban kumfuata binti wa ukoo wa Ngcobo. Binti huyo ndiye mkewe, leo sote tunamwita MaNgcobo, na yuko mtaani Lamontville na wajukuu tisa.

Karani wa vipande, vile vitambulisho vya Waafrika vya enzi za ubaguzi, alimuuliza jina. Akajibu Ambokile. Karani akasikia alichotaka kusikia, akaandika Mbokazi, jina la Kizulu kabisa, akagonga muhuri. Mgeni angerudishwa kwao, ila Mbokazi angeweza kubaki. Kwa Kinyakyusa Ambokile maana yake ni "ameniokoa", na siku ile karani ndiye aliyemwokoa bila kujua. Mzee aliishi na jina hilo la makosa hadi mwaka 1995, alipokwenda mwenyewe ofisini kudai lake. Walimwambia arudi mwezi ujao. Akakaa kwenye benchi siku nne, na chakula chake kwenye kitambaa, mpaka wakachoka wao.

Tukisema habari za majina na makosa, hatuwezi kuipita habari ya miti. Wengi mmeisikia nusunusu, na mwenzetu Barthélemy huiongezea chumvi, kwa hiyo niiweke sawa hapa.

Alipofika zizini, Mzee aliwakuta watu wakiwaswaga ng'ombe kwa mijeledi, mbinja na kugonga mabati. Msimamizi wa enzi hizo alikuwa Mzungu mmoja ambaye Wazulu walimpa jina la Mashesha, kwa kuwa neno lake lilikuwa moja tu, shesha, yaani fanya haraka. Ambokile hakupiga kelele. Alisimama ubavuni mwa ng'ombe akasema kwa sauti ya chini, kama tunavyompooza mtoto aliyeanguka, "Pole, mama, pole." Wazulu walidhani anasema phola, yaani poa, tulia. Walikosea neno wakapata maana. Mashesha alikosea vyote viwili. Yeye alijua Kiingereza na kile Kifanakalo cha migodini, lugha ya amri inayochukua neno la Kizungu na kulitia irabu mwishoni. Na kwa Kiingereza, neno linaloandikwa sawasawa na pole yetu maana yake ni mti mrefu, wa kujengea ua. Mwaka wa kwanza alimsikia Ambokile akisema pole, pole. Mwaka wa pili vilevile. Akaamini kwamba mtu huyu anaomba miti, na kwamba hatanyamaza mpaka aipate.

Machi 1969 lori likaingia na miti mia mbili na kumi na miwili ya mkaratusi. Mashesha akasimama mbele ya watu wote akasema haya, miti yako hiyo, sasa niache nipumue. Mtu mwingine angeeleza ukweli. Mzee Ambokile aliitazama miti, akamtazama Mashesha, akasema asante sana.

Kwa nini asante? Kwa sababu kwa muda wote huo alikuwa akiwatazama ng'ombe, na alikuwa ameona jambo ambalo wenye mijeledi hawakuliona. Ng'ombe akishushwa mahali pageni hataki kwenda mbele. Anataka kurudi alikotoka. Pale nyuma anapajua, na huko mbele huenda kuna simba, hata kama simba wa mwisho wa Mobeni alikufa kabla ya babu yake Mashesha. Ukimwekea njia iliyonyooka anaona mwisho wake, anaona watu, anaona lango, anagoma. Ukiipinda njia, haoni mwisho. Anaona mgongo wa mwenzake tu, na mwenzake anaelekea upande ule walikotoka. Basi naye anafuata, akiamini anarudi nyumbani. Mzee alijenga njia inayowaacha ng'ombe wafanye wanachotaka, na wakikifanya wanafika tunakotaka sisi. Aliziba mbavu za njia kwa mbao ili wasione vinavyopita nje. Ilimchukua majuma matano, kwa nafasi za chakula cha mchana na Jumamosi.

Siku ya kufungua, ng'ombe arobaini na wanne walipita bila kupigwa hata mmoja. Mashesha alikuwa na mjeledi mkononi na hakujua aufanyie nini. Aliondoka kazini mwaka 1983, na siku ya kuaga ndipo Mzee alipomweleza maana ya pole. Walioshuhudia wanasema Mashesha alikaa kwenye ukingo wa birika la maji akacheka mpaka akalowa. Namheshimu kwa hilo. Kuna wakubwa wasioweza kucheka kosa lao hata likiwa limewaletea faida.

Sisi tuliokuja baadaye, wakimbizi na watafuta maisha, tulimkuta Mzee akiwa chuo kizima. Mimi niliingia zizini mwaka 1996, nikitokea gorofani Albert Park, ambako tulilala watu saba chumba kimoja. Nilijiona najua ng'ombe. Mimi ni Mrundi, baba yangu alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, na kwetu mtu akitaka kukutakia heri anakutakia ng'ombe na watoto. Siku ya pili nikapita nyuma ya ng'ombe mwekundu, karibu na mkia, nikiwa nimejaa elimu ya baba yangu. Nilijikuta kwenye birika. Mzee alikuja taratibu akasema, "Pole." Mpaka leo sijui alimwambia nani kati yetu wawili.

Kisha akanieleza. Macho ya ng'ombe yako pembeni ya kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa mara moja, hata akiwa ameinama anakula. Mnyama anayeliwa na wengine lazima awe na macho ya namna hiyo. Lakini kuna sehemu mbili asizoziona, moja ni nyuma kabisa ya mkia, nyingine ni hapo karibu mbele ya pua. Ukijitokeza ghafla kutoka huko nyuma, kwake wewe si Odette, wewe ni fisi. Hivyo simama kwenye bega. Ukisogea nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisogea mbele ya bega anarudi nyuma, na ukitaka asimame, ondoka kidogo umpe nafasi yake. Kila ng'ombe ana mpaka wake. Wa mbugani mpaka wake ni mpana, wa maziwa anayeshikwa kila siku mpaka wake ni mfupi. Kazi yetu yote ni kugusa mpaka huo kwa ncha ya kiatu na kuuachia.

Barthélemy naye ana somo lake. Yeye ni Mkongo wa Uvira, alikuwa anauza saa mjini kabla ya kuja kwetu, na mikono yake ilikuwa myepesi. Asubuhi moja kundi liligoma katikati ya njia. Barthélemy akaokota ubao akasema, "Mzee, hii ng'ombe iko na kichwa nguvu, donc tuipige kidogo tu." Mzee alimnyang'anya ubao akamwambia, "Inama, mwanangu, uweke kichwa chako pale kilipo chake. Unaona nini?" Barthélemy akainama, suruali mpya na yote, akatazama. Kulikuwa na mnyororo umening'inia juu ya lango, na kivuli chake kilikuwa kimelala chini kukatiza njia. Ng'ombe haoni vizuri kina cha kitu. Kivuli cheusi kwake huenda ni shimo, na kwa mnyama mwenye miguu minne na kilo mia tano, shimo ni kifo. "Eish," akasema Barthélemy, "kumbe ni miye niko na kichwa nguvu." Mnyororo ukafungwa pembeni na kundi likapita. Tangu siku hiyo, ng'ombe wakigoma, watu wa zamu yetu wanainama kwanza. Wageni wakipita wanatuona watu wazima sita tumeinama kwenye vumbi na wanadhani tumepoteza pete.

Ameonea watu pia, tusimpake mafuta mno. Amenivua kilemba cha njano mara tatu kwa sababu kinapepea. Amemfukuza fundi wa umeme kwa sababu funguo zake zinalia, maana masikio ya ng'ombe husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii, na chuma kikigonga chuma ni kama mtu amewapigia kelele ndani ya kichwa. Mwaka juzi mjumbe mmoja wa bodi alishuka kutoka Morningside, kwenye mitaa ya wenye nazo, kutukagua, mvua ikinyesha, akasimama mwishoni mwa Kona na mwavuli mkubwa mweupe. Kundi likasimama kama limepigiliwa misumari. Mzee alimwendea, akavua kofia kwa heshima, akamwomba aufunge mwavuli. Mjumbe akasema atalowa. Mzee akamwambia ndiyo, baba, utalowa. Akalowa. Ng'ombe wakapita.

Watu wanaofikiri kazi hii ni nguvu za mikono tu wakumbuke Januari 1983. Waliokuwepo hawataisahau. Joto la Durban halichomi tu, linakaba, kwa sababu hewa imejaa maji na jasho halikauki. Siku hiyo yalishushwa makundi mawili kwa pamoja. Moja lilikuwa la ng'ombe wakubwa weusi wa asili ya Ulaya, wenye manyoya mazito, wametoka nyanda za baridi. La pili lilikuwa la ng'ombe wa Kinguni, wa kienyeji, wadogo, wa mabaka. Amri ilikuwa kwamba wale wakubwa ndio wenye thamani lakini kivuli hakitoshi, basi wote wakae juani wakisubiri zamu. Mzee alitazama mbavu. Wale weusi walikuwa wanahema midomo wazi, ndimi nje, wamesimama wote badala ya kulala, wakisukumana kwenye maji. Hakuna aliyekuwa akicheua. Ng'ombe akiacha kucheua, alisema Mzee, anakuambia kwamba nyumba inaungua.

Bila kuuliza mtu alifungua banda la mashine, akatoa trekta la kampuni nje likae juani lenyewe, akaingiza ng'ombe weusi kivulini, akawamwagia maji miguuni kwanza, kisha mgongoni. Aliandikiwa onyo kwa ajili ya trekta. Hakufa ng'ombe hata mmoja. Onyo hilo MaNgcobo amelitia kwenye fremu na limetundikwa sebuleni, kando ya picha ya harusi.

Na wale wa Kinguni? Walikuwa juani wamelala, wanacheua, wanapunga mikia. Nywele zao ni fupi, zinang'aa na kurudisha jua, na chini ya nywele, hata ng'ombe akiwa mweupe, ngozi yake ni nyeusi, jua halimbabui. Kupe akimpanda hapati pa kushika vizuri. Miguu yake ni myembamba lakini kwato ni ngumu, anatembea siku nzima kutafuta majani ambayo mwingine angeyapita akiyadharau. Anameza upesiupesi mahali pa hatari, anahifadhi tumboni, kisha akifika mahali salama anakirudisha chakula na kukitafuna kwa nafasi yake. Hana meno ya mbele ya juu, ulimi ndio panga lake. Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga, na Mzee huongeza kwamba anaelemewa na nundu ile ambayo mtu mwingine anataka kumbandika.

Ng'ombe hawa wa Kinguni walidharauliwa miaka mingi. Waliitwa takataka za mabaka. Leo wanunuzi waliovaa kofia kubwa wanatuuliza kwa upole kama tumebaki nao wawili watatu. Mwanzoni mwa mwaka huu, watu fulani walipoanza kusema getini kwamba sisi tuliotoka kaskazini turudi kaskazini, Mzee aliwaonyesha ng'ombe wa Kinguni akawauliza, "Na huyu naye mnajua wazee wake walitoka wapi? Walishuka kutoka huko huko kwetu, wakiswagwa na wazee wenu." Yule aliyekuwa anapiga kelele zaidi alikuwa na ng'ombe wanne wa Kinguni kwao Nongoma. Siku hizi ananisalimia.

Sasa turudi kwa meneja mpya. Sina ugomvi na ujana wake wala vyeti vyake. Alipofika mwezi Machi alipima Kona kwa utepe akasema imepinda kwa bahati mbaya na itanyooshwa. Mzee alimwambia ni kweli ilianza kwa bahati mbaya, lakini kupinda si bahati. Ikaamuliwa yafanyike majaribio. Jumatano ya tarehe 13 Mei ng'ombe sitini wa lori moja waligawanywa katikati. Thelathini wapite njia iliyonyooka, ya mabati ya muda, wakiswagwa kwa fimbo za umeme na watu watano walioletwa kutoka nje. Thelathini wapite Kona na Mzee peke yake.

Kwenye mabati kumi wa kwanza walikimbia, na meneja akatabasamu. Wa kumi na moja akaona mwanga umemeta kwenye bati, akasimama. Wa nyuma wakampanda. Fimbo zikalia. Ng'ombe aliyechomwa na umeme bila mahali pa kwenda hana njia ila kugeuka, nao waligeuka. Wawili walianguka, mmoja alivunjika pembe, na harufu ya mkojo wa hofu ikafanya waliobaki wasitake hata kusogelea. Ilichukua dakika hamsini na mbili. Mzee alitembea na wake kwenye bega la yule jike aliyemchagua asubuhi, kwa sababu alimwona ndiye anayekunywa maji kwanza na wengine wanampisha. Hakumgusa. Pole, mama, pole. Dakika kumi na tisa. Katikati ya njia wawili walikuwa wanacheua. Mimi niliona kwa macho yangu, na meneja pia aliona kwa yake, saa ikiwa mkononi.

Barua ya kubomoa ilikuja hata hivyo, tarehe 2 Julai. Inasema Kona ni ya kizamani na haiwezi kuingizwa kwenye mchoro wa kampuni. Sababu ni hiyo tu. Tumeisoma mara nyingi, kwa lugha tano, hatujapata nyingine.

Siku mbili baadaye Mzee aliitwa ofisini. Walimwambia anaweza kuongezewa miezi sita kazini, kwa cheo cha msimamizi ambacho hajawahi kupewa kwa miaka thelathini na miwili, kama atakubali kusimamia ubomoaji, maana walijua kwamba bila yeye hatutashika nyundo. Wajue wanaosoma kwamba Mzee anaipenda kazi hii kuliko usingizi. Alikuwa akitaka miezi hiyo sita. Aliwahi kuniambia hajui atafanya nini na miguu yake siku ya Jumatatu. Lakini aliwajibu, "Niliijenga kwa kosa lenu. Sitaibomoa kwa akili zenu." Akavaa kofia, akarudi zizini, akaendelea kuwanywesha ng'ombe. Cele, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, alikuwepo kama shahidi, naye ndiye aliyetueleza. Cele ni mtu mzito wa maneno. Siku hiyo alisema tu, "Hayibo, yule mkhulu," yaani lo, yule babu, akaenda kuosha uso.

Niseme wazi, kwa kuwa jarida hili linasomwa hadi juu. Jumamosi iliyopita tulikutana kwenye kantini, Wazulu, Wakongo, Warundi na Mtanzania wetu mwingine mmoja, watu arobaini na sita kwa jumla. Hakuna aliyepinga. Jumatatu tarehe 3 Agosti lori la kwanza linaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida, na ng'ombe wake watapita kwenye Kona, kama kawaida. Hakuna hata mmoja wetu atakayeshika nyundo wala fimbo ya umeme. Mti mmoja ulikuwa umeoza, ule wa mia na nne ukihesabu kutoka jukwaani, tumeung'oa, na tumeshanunua mwingine na kuupaka dawa. Mwenzetu Pontien atauchimbia Jumapili baada ya misa. Anayetaka kutufukuza kazi atahitaji kufukuza zamu zote mbili, kisha awashushe ng'ombe mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya mkia.

Mzee hatakuja siku hiyo, ametukataza hata kumfuata kumuuliza. Anasema mama akishamwachisha ndama haendi tena kumnyonyesha uani kwa watu. Lakini najua kwamba treni ya asubuhi ya kutoka Lamontville inapita karibu na ua wetu, na najua MaNgcobo amemnunulia tiketi ya juma zima bila kumwambia.

Kampuni itampa saa ya ukutani. Ni nzuri, inameta, na imeandikwa Mbokazi. Sisi tumemchongea fimbo ya kutembelea kutoka kwenye ule mti wa mia na nne, sehemu ambayo haikuoza, tukaandika Ambokile Mwakibete kwa moto, herufi zote mahali pake. Ukiishika utasikia bado inanuka ng'ombe kidogo. Hatukuiosha makusudi.

Mzee Ambokile, mwalimu wetu na baba yetu, umetufundisha kusimama kwenye bega, kuinama kabla ya kulaumu, na kutonyanyua sauti wakati tunajua njia inakokwenda. Mwenda pole hajikwai, na wewe hukujikwaa hata walipokuwekea miti njiani. Asante kwa miaka thelathini na miwili. Tunakutakia maisha mema na marefu Lamontville, wajukuu wasikuchoshe, miguu isikuume, na Jumatatu zako zote zikae kivulini.

Na kwa yeyote atakayekuja Jumatatu na nyundo, tutakuwa tumesimama kwenye Kona, wote arobaini na sita, na tutamwambia neno moja, kwa sauti ya chini.

Pole.

Odette Nduwimana, zamu ya asubuhi